ASILI YA CHAI YA ASUBUHI KATIKA MITAA YA EASTLANDS

Katika mitaa ya upande wa mashariki wa Nairobi, ile iitwayo Eastlands, tangu Pumwani na Shauri Moyo hadi Kaloleni, Bahati, Jericho na Makadara, mgeni afikapo asubuhi haulizwi kama amekula. Huulizwa, "Umekunywa chai?" Hata kama amekula chapati tatu, mayai mawili na kipande cha nduma, jibu lake ni lile lile, "Ndiyo, nimekunywa." Wakati wa kazi ukikatwa saa nne, twasema ni saa ya chai, ijapokuwa wengine hunywa maji tu. Na mtu atakaye kupenyeza jambo lake mbele ya mwenye amri huambiwa atoe chai, ingawa hapana birika wala sukari mahali pale!

Ni ajabu kwamba mlo mzima umepewa jina la kinywaji, tena kinywaji ambacho babu wa babu zetu wa bara hawakukijua kabisa. Basi leo, ndugu wasomaji, natuiangalie sinia ya asubuhi, tuulize kila kilichomo kimetoka wapi, na kwa njia gani kimefika katika chumba cha karani wa Makongeni. Tutaona kwamba baadhi ya vitu tuvidhaniavyo kuwa vya kienyeji ni wageni, na kwamba kimoja kilichokuwa chetu hasa twakaribia kukisahau.

Kwanza tusikilize lugha yenyewe. Kiswahili kina maneno mengi ya mlo huu: kifungua kinywa, chamshakinywa, staftahi. Lakini liko neno la kale ambalo vijana wa siku hizi hawalitumii sana, nalo ni mwiku, yaani chakula kilicholala tangu jana usiku kikaliwa asubuhi. Wengine hukiita kiporo. Neno hili latuonyesha wazi desturi ya zamani. Hapakuwa na chakula maalum cha asubuhi. Mtu alikula kilichobaki. Huko bara mambo yalikuwa hivyo hivyo: kiazi kitamu kilichopoa, ugali wa jana uliochomwa pembeni mwa moto, au mahindi na maharagwe yaliyobaki chunguni. Mkulima alitia kidogo kinywani, akashika jembe, akala vizuri jua lilipopanda. Hata leo mama wengi wa Eastlands hukaanga githeri la jana kwa kitunguu na kuwapa watoto kabla ya kwenda shule, wala hawajui kwamba wanaendeleza mwiku wa wazee.

Pamoja na mwiku palikuwa na uji, na hapa ndipo tunapokutana na mwenyeji halisi. Wimbi ni nafaka ya kwetu. Wataalamu wa mimea wasema kwamba watu waliichukua kutoka porini wakaifanya mmea wa shamba katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kati ya Ethiopia na Uganda, maelfu ya miaka iliyopita, na kutoka huku ikavuka bahari hadi India, ambako hulimwa sana hata sasa. Mtama nao ni wa Afrika, asili yake pande za Sudan. Kwa nafaka hizi Wakikuyu walipika ucuru, Wajaluo walipika nyuka, na Wakamba walipika usuu, na mara nyingi unga uliachwa kwanza uchachuke. Uchachu huo haukuwa wa kupendeza ulimi tu. Uliuhifadhi uji usiharibike upesi, na kwa elimu ya sasa twajua kwamba hupunguza vile vitu vilivyomo ndani ya nafaka ambavyo huuzuia mwili usipate madini ya chakula.

Mahindi ni habari nyingine, na jina lake limewapoteza wengi. Ladhaniwa kwamba yalitoka India kwa kuwa yaitwa mahindi. Sivyo. Yalitoka Marekani, pamoja na muhogo, viazi vitamu, karanga na maharagwe ya kawaida, na yaliletwa na Wareno baada ya Vasco da Gama kufika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Watu wa pwani waliona tu kwamba limekuja kwa merikebu kutoka ng'ambo, wakalipa jina la ng'ambo waliyoijua. Nduma nayo, ambayo mzee wa Murang'a atakuapia kwamba iliumbwa pamoja na mto wa kwao, asili yake ni Asia ya kusini mashariki, ingawa ilifika Afrika zamani sana kabla ya mahindi.

Walakini mahindi hayakutawala mara moja. Yaliyoyapa nguvu ni mashamba ya walowezi, reli, na posho. Mwajiri alitaka chakula kimoja, kikavu, kinachopimika kwa ratili na kupakiwa katika gunia, nacho kilikuwa unga wa mahindi meupe. Posho maana yake ni fungu la chakula apewalo mtu wa kazi. Lakini kwa kuwa fungu hilo lilikuwa unga wa mahindi kila siku, ndugu zetu wa Uganda mpaka leo huuita ugali wenyewe posho. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wapagazi wa jeshi la Waingereza walilishwa unga huu, hata wale waliotoka katika nchi za ndizi na mtama ambao matumbo yao hayakuuzoea. Mara nyingi haukupikwa ukaiva, maana kuni na wakati vilikuwa haba. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa maradhi, na kuhara hasa, kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililogeuka kuwa Kariokor, mtaa na soko ambako siku hizi watu huenda kula nyama choma. Kwa hiyo unga mweupe uliomo katika uji wa asubuhi una historia nzito kidogo.

Sasa natuelekee pwani, tupate kujua habari za mandazi. Waswahili wa Mombasa na Lamu wana mahamri, yaliyokandwa kwa tui la nazi na iliki, yakaumuliwa kwa hamira. Neno hamira, na jina la mahamri lenyewe, ni la Kiarabu, lenye maana ya chachu. Huliwa kwa mbaazi zilizopikwa kwa nazi, na mbaazi nazo asili yake ni India. Andazi, kwa upande mwingine, ni neno lililotokana na kitendo cha kuandaa.

Vitu hivi vilifikaje Nairobi, mji usio na mnazi hata mmoja? Vilikuja na watu. Waislamu wa pwani, na watu wa bara waliofuata desturi za pwani, walikuwa miongoni mwa wakaaji wa kwanza wa mji huu, katika vijiji vya Pangani na Mji wa Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ilianzisha Pumwani ili Waafrika wakae mahali pamoja, na vijiji vile vya zamani vikavunjwa kimoja kimoja, Pangani yenyewe ikiisha mwishoni mwa miaka ya 1930. Katika Pumwani mtu aliruhusiwa kujenga nyumba yake mwenyewe, ingawa ardhi ilibaki kuwa ya serikali, na wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wanawake. Walipangisha vyumba kwa vijana waliotoka Nyeri, Machakos, Kisumu na Kakamega. Hapana shaka kwamba vijana wengi walionja andazi kwa mara ya kwanza katika ua wa mwenye nyumba wa Pumwani. Nazi ilikuwa ghali, basi ikawekwa maji au maziwa mahali pa tui. Iliki ikapunguzwa. Mbaazi zikawapisha maharagwe. Likatoka andazi la Nairobi, lisilo na manukato ya pwani lakini linaloshibisha, na mdogo wake, lile andazi la mviringo lililoshikana, ambalo wauzaji wenyewe huliita ngumu bila kuona haya.

Chapati ilipita njia nyingine. Kazi ya reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwisho wa 1901 ikafika Ziwa Viktoria. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kuijenga. Kama 2,500 walikufa, na wapatao 6,700 walibaki walipokwisha mkataba. Hawa, na wafanyabiashara waliowafuata, walileta unga wa ngano, samli, dengu na bizari. Allidina Visram, aliyekufa mwaka 1916, alifungua maduka mengi kandokando ya reli na hata ndani ya Uganda. Na neno duka lenyewe tumelipata kwa njia hiyo hiyo ya Bahari ya Hindi. Lakini tazama jambo hili: chapati ya kila siku ya Mhindi hupikwa kavu juu ya chuma, bali yetu hukunjwa kwa mafuta na kukaangwa, ikawa nene, yenye matabaka, karibu na ile waiitayo paratha. Tuliichukua chapati ya sikukuu tukaiacha ya siku za kawaida. Labda ndiyo sababu kwa miaka mingi nyumba nyingi za Eastlands zilipika chapati siku ya Krismasi au mgeni mkubwa alipokuja, na harufu yake ikawaita watoto wa mlango wa pili. Kuila asubuhi ya Jumanne pamoja na maharagwe, au madondo kama vijana wasemavyo, ni ukunjufu wa siku za karibuni.

Kabla sijafika kwenye chai yenyewe, tazama vyombo. Meza ni neno la Wareno. Sahani, birika na sufuria yalitoka kwa Waarabu, na birika Waarabu nao walilipata kwa Waajemi. Sukari ilipita kwa Waarabu kutoka India, ingawa muwa wenyewe asili yake ni kisiwa cha Guinea Mpya. Na mkahawa, neno tulitumialo kwa nyumba yoyote ya kuuza chai na chakula, lilitokana na kahawa, maana pwani kahawa ilitangulia, ile chungu inayomiminwa katika vikombe vidogo kutoka katika dele la shaba. Lakini mkate ni neno letu. Zamani lilikuwa na maana ya kitu chochote kilichofinyangwa kikashikana, hata tumbako ilikuwa na mkate wake.

Haya, chai. Mti wake ni wa China na nchi za jirani yake. Wachina wa sehemu nyingi huiita cha, na jina hilo lilisafiri kwa nchi kavu hadi Uajemi, likawa chai, na sisi tukalipokea kupitia Bahari ya Hindi. Waholanzi waliinunua katika bandari za Fujian, ambako watu huiita te, na kutoka kwao Waingereza na Wafaransa wakapata majina yao. Katika miaka ya 1830 Waingereza walianza kuilima Assam, huko India, wapate kuepukana na kuinunua China.

Hapa Kenya miche ya kwanza ilipandwa Limuru mwaka 1903, ikitoka India. Kwa miaka ishirini ikakaa pale kama mti wa kujaribia tu. Katika miaka ya 1920 makampuni makubwa, Brooke Bond na James Finlay, yalifungua mashamba ya Kericho, na hapo biashara ikaanza kwa kweli. Sasa usidhani kwamba wajenzi wa reli ndio waliotufundisha kuchemsha chai na maziwa. Huko India kwenyewe desturi ya chai ilienea kwa watu wa kawaida katika karne ya 20 tu, baada ya makampuni kuitangaza kwa bidii katika stesheni, viwanda na masoko. Walioileta kwetu ni wenye maduka wa baadaye, pamoja na jikoni za Wazungu, ambako wapishi wetu walijifunza kutayarisha chai ya saa kumi. Lakini Mwingereza huyaweka majani katika birika, akamimina maji ya moto, akatia maziwa mwishoni kikombeni. Sisi twaweka maji, maziwa, majani na sukari katika sufuria moja, twachemsha mpaka inafura, tena tangawizi ikipatikana haiachwi. Hiyo ni njia ya Kihindi. Kwa jambo hili tulimsikiliza mwenye duka kuliko bwana.

Ziko sababu za kazi zilizoifanya chai iushinde uji. Uji wa wimbi wataka mtu wa kusaga, wa kuchachua, wa kukaa karibu na moto akikoroga. Mtu huyo, yaani mke au mama, alikuwa kijijini. Nyumba nyingi zilizojengwa Eastlands kabla ya miaka ya 1950 zilikusudiwa wanaume wasio na jamaa zao mjini. Chumba kimoja kilikuwa na vitanda vitatu au vinne, na jiko lilikuwa la watu wengi. Kijana aendaye karakana ya reli alfajiri hakuwa na nafasi ya kukoroga uji. Stovu ya mafuta ya taa, sufuria ndogo, kipande cha mkate, na kwa dakika chache amekwisha. Chai ilikuwa na sukari, sukari ikampa nguvu ya upesi, na joto lake likamdanganya tumbo hadi mchana. Tena ilikuwa na heshima. Kunywa chai kulikuwa dalili ya mtu aliyesoma na apataye mshahara.

Lakini katika heshima hiyo mlikuwa na kinyume kikubwa. Karani wa Ofafa katika miaka ya 1950 alinunua majani ya chai dukani kila mwisho wa mwezi, hali baba yake aliye na ardhi nyekundu na mvua nzuri hakuwa ameruhusiwa kwa miaka yote ile kupanda mche mmoja wa kuuza. Ilisemwa kwamba Mwafrika hataweza kuutunza, kwamba ataeneza magonjwa na kuharibu jina la chai ya Kenya sokoni. Mimi naona ilikuwako sababu nyingine isiyosemwa kwa sauti: mwenye chai yake nyumbani haendi kuchuma ya mtu mwingine kwa ujira mdogo. Ndipo katika miaka ya 1950 mashamba madogo ya kwanza yakaanza Nyeri, na mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ukalifungua jambo hili wazi zaidi. Kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kilianza kazi Ragati, karibu na Karatina, mwaka 1957. Mwaka 1964 ikaundwa KTDA. Leo wakulima wadogo ni zaidi ya nusu milioni, nao hutoa zaidi ya nusu ya chai yote ya Kenya. Wale walioambiwa hawawezi!

Sehemu kubwa ya chai hiyo huuzwa katika mnada wa Mombasa na kwenda Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko, maana Kenya ndiyo nchi iuzayo ng'ambo chai nyeusi nyingi kuliko zote. Yabakiayo kwetu ni kidogo. Majani yetu ni ya punje ndogo ndogo, kwa kuwa viwanda hutumia mashine ya kuponda, kurarua na kukunja jani, iliyobuniwa Assam mnamo 1930. Chai ya namna hii hutoa rangi upesi, basi yafaa sana kwa sufuria ya maziwa, na kijiko kimoja chatosha watu wengi. Katika nyumba yenye watoto sita hiyo ni hesabu ya maana.

Maziwa na sukari nitayapita upesi. Kampuni ya ushirika ya maziwa, KCC, iliundwa na walowezi mwaka 1925. Wazee wa Eastlands bado wazikumbuka pakiti zake za pembetatu. Mwaka 1979 serikali ilianza kuwapa watoto wa shule za msingi maziwa bure, yaliyoitwa maziwa ya Nyayo, na wako watu wazima leo ambao maziwa yale yalikuwa ndicho kitu chao cha kwanza kwa siku. Sukari ilianza kutengenezwa hapa nchini katika miaka ya 1920 huko Miwani, karibu na Kisumu. Maziwa yakikosekana chai huwa ya rangi, iitwayo strungi. Sukari ikikosekana pia, hakuna jina, watu hunyamaza.

Mkate ndio unaonisumbua zaidi. Ngano ni ya Mashariki ya Kati. Lord Delamere aliilima Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, kutu ikaila, akajaribu tena mpaka zikapatikana mbegu zenye nguvu, na mwaka 1908 akawa mmoja wa walioanzisha kampuni ya Unga kuisaga. Wakati ule mkate mweupe ulikuwa chakula cha Wazungu na wageni wao. Leo hata mtu wa kibarua hununua nusu mkate kibandani. Lakini nchi yetu hailimi ngano ya kututosha, na sehemu kubwa hununuliwa ng'ambo. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, bei ya mkate ilipanda Nairobi, maana nchi zile mbili zilikuwa miongoni mwa watuuziao ngano. Vita vya mbali vikapunguza vipande mezani Makadara.

Na mwaka 2024 mkate uliingia katika siasa. Mswada wa fedha wa mwaka ule ulitaka kuutoza kodi ya asilimia 16. Serikali iliiondoa kodi hiyo tarehe 18 Juni, lakini mengine yaliyokuwamo yalibaki, na hasira ilikuwa imekwisha kuwaka. Tarehe 25 Juni vijana waliingia Bungeni, na watu waliuawa kwa risasi. Kesho yake Rais akasema hatautia sahihi mswada. Kilichokuwa chakula cha wachache mwaka 1908 kilikuwa sasa kitu ambacho mtawala hawezi kukigusa bila kusikia kelele.

Sasa, ikiwa mtoto wa shule hupewa strungi na vipande viwili vya mkate mkavu, amekula nini? Amepata joto, sukari, na unga uliokobolewa. Tena chai ina vitu ambavyo huuzuia mwili usiyapate madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga. Ndiyo maana matabibu hushauri chai inywewe saa moja au zaidi baada ya chakula, hasa kwa wanawake wajawazito na watoto. Sisemi tuiache. Mimi mwenyewe siwezi kuandika mstari mmoja kabla ya kikombe. Nasema tu kwamba twaita chai kuwa chakula, nayo si chakula.

Wimbi je? Katika kila gramu 100 za unga wake mna miligramu zaidi ya 300 za kalisi, kupita maziwa ya ng'ombe yenye uzito huo huo, ingawa mwili hauipati yote. Nafaka hii iliyozaliwa kwetu leo huuzwa kwa bei kubwa kuliko mahindi yaliyotoka Marekani, kwa sababu walimao ni wachache na kupalilia ni kazi ngumu. Msomaji mwenye shamba Kisii, Busia au Bungoma alifikirie jambo hilo; mnunuzi yupo mjini, naye anatafuta.

Maana uji haukufa. Nenda asubuhi Gikomba au Kamukunji, palipo na mafundi wa jua kali wanaogonga mabati tangu alfajiri. Utawaona akina mama wakipita na chupa kubwa zinazohifadhi joto, wakimimina uji wa wimbi katika vikombe vya plastiki. Wale mafundi huununua kuliko chai, kwa kuwa mtu anayeinua nyundo hadi saa saba ajua vizuri kipi kinakaa tumboni.

Kwa wale watakao kuupika nyumbani lakini wanalia kwamba hawana wakati, njia ni hii. Koroga unga wa wimbi na maji ya vuguvugu ndani ya chombo safi, mwepesi kama maziwa mazito, ufunike, uache mahali pa joto siku moja au mbili hadi unuke uchachu. Bakiza kidogo ndani ya chombo, uwe kianzio cha mara ijayo. Kwa kianzio hicho usiku mmoja watosha. Asubuhi chemsha maji, mimina mchanganyiko huku ukikoroga, uache utokote kwa dakika kumi. Sukari si lazima. Ndizi mbivu iliyopondwa yafaa.

Habari za githeri, njahi na mukimo tumeziacha kwa juma lijalo, kwa kuwa hivyo ni vyakula vya mchana.